Bunduki ya marehemu: Kwa nini haigawiki kama nyumba, wala haikatwi mtutu

MZEE anapofariki dunia katika Mji wa Kale, Mombasa, warithi hujua mahali pa kuanzia. Madeni huulizwa siku ile ile ya mazishi, hati ya nyumba hutolewa sandukuni, na baada ya siku kadhaa mambo hupelekwa kwa Kadhi. Kinachowatatiza baadhi yao ni kitu kilichofungwa kwa shuka kuukuu juu ya kabati: bunduki ya marisau ambayo marehemu aliitumia kufukuza nguruwe na nyani katika shamba la minazi upande wa bara.

Shamba huenda liliuzwa zamani, lakini bunduki ilibaki. Ndipo kijana mmoja wa nyumbani, aliyeona katika intaneti jinsi Wamarekani wanavyofupisha bunduki ya babu na kuisajili kihalali, anapouliza: kwani hapa haiwezekani? Iwe fupi, ikae chumbani kwa ajili ya wezi.

Jibu fupi ni kwamba haiwezekani. Jibu refu lina faida zaidi, kwa sababu familia inayojadiliana kuhusu kukata mtutu mara nyingi imekwisha kuingia hatarini kwa jambo jingine ambalo haikulifikiria, nalo ni kuiacha silaha pale pale juu ya kabati.

Sheria ya Silaha, ambayo ni Sura ya 114 ya sheria za Kenya, inasema kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kununua, kupata au kuwa na bunduki bila cheti chake. Neno linalopaswa kutiliwa mkazo ni "chake". Cheti hupewa mtu aliyetajwa kwa jina, kwa bunduki iliyotajwa kwa aina na namba, pamoja na masharti na kiasi cha risasi anachoruhusiwa. Si cheti cha nyumba wala cha ukoo. Anapokufa aliyetajwa, kilichobaki ni karatasi. Mjane au mwana anayelala chini ya dari moja na bunduki ile hawezi kujitetea kwa kuonyesha cheti cha marehemu.

Adhabu yake si ya kuchezewa. Anayepatikana na bunduki bila cheti anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi miaka 10. Kwa silaha za aina zilizopigwa marufuku kabisa, kifungo ni kati ya miaka 7 na 15. Hiyo ndiyo tofauti kati ya urithi wa saa ya ukutani na urithi wa bunduki, ingawa vyote viwili vilinunuliwa na babu yule yule kwa fedha za halali.

Kuna familia ambazo cheti cha marehemu kilikuwa kimekufa hata kabla ya mwenyewe. Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Dkt Fred Matiang'i, alifuta vyeti vyote vya raia na kuwapa wamiliki siku 90 wafike kukaguliwa upya. Mzee mgonjwa ambaye hakutoka kitandani mwaka huo, au ambaye hakuambiwa na wanawe, alibaki na cheti kisicho na nguvu. Warithi wanaokuta cheti cha zamani sandukuni wasikifurahie haraka. Waangalie kwanza tarehe.

Mwenye mamlaka ya kutoa cheti kipya ni Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, iliyoundwa kufuatia marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka 2014. Mwombaji hulazimika kuonyesha sababu nzuri ya kutaka silaha, na kwamba kuwa nayo hakutahatarisha usalama wa umma. Mlevi, mwenye maradhi ya akili, au mtu ambaye kwa sababu yoyote hafai kukabidhiwa silaha, hapewi.

Hapo ndipo warithi wengi hukwama, na si kwa uovu wao. Sababu aliyokuwa nayo baba haihamii kwa mwana. Baba alikuwa na ekari za minazi na nguruwe walioingia usiku. Mwana ana duka Kibokoni na paka wawili. Kusema "ilikuwa ya babangu" ni maelezo ya jinsi bunduki ilivyomfikia, si sababu ya kuitaka.

Turudi kwa kijana na mtutu wake. Sheria za kupima urefu wa bunduki zina historia, na anayeijua haoni ajabu kwamba msumeno wa shilingi mia chache unaweza kumtia mtu gerezani.

Bunduki ya marisau, tofauti na raifo, ina mtutu laini usio na michirizi ndani. Ukubwa wake hupimwa kwa njia ya zamani sana: "namba 12", iliyo maarufu kuliko zote, maana yake ni kwamba gololi 12 za risasi zenye upana sawa na tundu la mtutu huo zina uzito wa ratili moja. Upana huo ni karibu milimita 18.5. Bunduki za zamani zilikuwa na mitutu mirefu kwa sababu baruti nyeusi huungua polepole na huhitaji nafasi ya kusukuma. Baruti za kisasa huungua upesi, hivyo mtutu ukifupishwa kiasi haupotezi nguvu nyingi. Ile dhana ya sinema kwamba bunduki iliyokatwa humwaga marisau chumba kizima imetiwa chumvi. Kinachokusanya marisau ni mdomo wa mtutu, ambao kwa kawaida hubanwa kidogo na fundi wa kiwandani; ukiukata, marisau hutawanyika mapema zaidi, lakini si kama mchele uliomwagika.

Kwa hiyo kinachoitia serikali hofu si nguvu. Ni kwamba bunduki ndefu huonekana, na fupi hufichika ndani ya koti, mfuko au kanzu. Mkulima hana haja ya kuificha bunduki yake. Anayeifupisha hudhaniwa ana haja hiyo, na sheria za nchi nyingi zimejengwa juu ya dhana hiyo. Uingereza, ambako sheria yetu ilichota sura yake enzi za ukoloni, ilikataza mwaka 1937 kufupisha mtutu laini chini ya inchi 20, na baadaye kipimo kikapandishwa hadi inchi 24.

Marekani ilipita njia nyingine. Baada ya miaka ya magenge ya pombe haramu, ambayo kilele chake kilikuwa mauaji ya watu 7 mjini Chicago tarehe 14 Februari 1929, Bunge lake lilipitisha sheria ya silaha mwaka 1934. Mswada wa kwanza ulikusudia kuzibana bastola pia. Bunduki fupi ziliingizwa ili mtu aliyenyimwa bastola asiende kukata bunduki ndefu akajipatia kitu kama hicho. Bastola zikaondolewa mswadani. Bunduki fupi zikasahauliwa humo. Ndiyo maana Mmarekani hununua bastola kwa urahisi lakini huwekewa vikwazo kwa mtutu wa marisau ulio chini ya inchi 18. Nadhani ni mfano mzuri wa sheria inayobaki na jibu baada ya swali lake kufutwa.

Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliikubali sheria hiyo mwaka 1939, katika kesi ya Jack Miller na mwenzake waliosafiri kutoka Oklahoma hadi Arkansas wakiwa na bunduki fupi isiyosajiliwa. Miller mwenyewe hakuisikia hukumu. Aliuawa kwa risasi mwezi mmoja kabla.

Utaratibu anaouona kijana wetu kwenye intaneti ni huu: raia hujaza fomu ya serikali kuu, hutoa picha na alama za vidole, kisha husubiri. Haruhusiwi kugusa msumeno kabla ya kibali kurudi. Kibali kikirudi, huchonga jina lake na mji wake juu ya chuma, kwa kuwa sasa yeye ndiye mtengenezaji. Kodi yake ilikuwa dola 200 tangu 1934 hadi mwisho wa 2025. Kuanzia Januari 2026 imeshushwa hadi sufuri, lakini usajili umebaki. Baadhi ya majimbo yanakataza jambo hilo moja kwa moja.

Kenya haina mlango wa namna hiyo. Hakuna fomu ambayo mkazi wa Ndia Kuu anaweza kuijaza ili aitengeneze upya bunduki ya babake nyumbani. Kazi ya kutengeneza na kukarabati silaha ni ya wafanyabiashara waliosajiliwa peke yao, na fundi vyuma wa mtaani, hata awe hodari namna gani, si mmoja wao. Hata mwenye cheti halali akikata mtutu, anakuwa na chombo kisicholingana tena na kile kilichoandikwa katika cheti chake. Na msumeno ukigusa namba ya bunduki, hilo ni kosa jingine linalojitegemea.

Kuna hatari nyingine isiyohitaji mahakama. Bunduki nyingi za kale zina mitutu iliyofuliwa kwa vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa pamoja, inayoitwa ya Damascus. Zilikusudiwa baruti nyeusi na hazihimili msukumo wa risasi za sasa. Nyingine za Uingereza zina chemba ya inchi 2.5, ilhali risasi za kisasa ni za inchi 2.75. Risasi hiyo huingia bila tabu, ila inapofyatuliwa hukosa nafasi ya kufunguka na msukumo hupanda. Mtutu unaopasuka hupasuka karibu na mkono wa kushoto wa mpigaji, si mbali na uso wake.

Pwani yetu haikuanza jana kutawaliwa kwa kipimo cha mtutu. Mwaka 1888, balozi wa Uingereza huko Zanzibar alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia eneo hili kila mwaka. Miaka miwili baadaye, Mkataba wa Brussels ulizuia bunduki zenye michirizi na zile zinazoshindiliwa kwa nyuma, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini mwa ikweta, huku ukiyaacha magobori ya mtutu laini yauzwe chini ya uangalizi. Mzungu aliamua mapema ni bunduki gani Mwafrika awe nayo, nayo ilikuwa ile isiyoweza kushindana na ya kwake. Mbaruk bin Rashid Mazrui alipoinuka dhidi ya Waingereza mwaka 1895, alipambana miezi kadhaa kisha akavuka mpaka kwenda kwa Wajerumani mwaka 1896.

Kumbukumbu ya karibu zaidi ni chungu zaidi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua maafisa na kutoroka na bunduki zaidi ya 40. Machafuko yaliyofuata yaliwafukuza maelfu makwao. Afisa wa polisi wa Mombasa anayesikia kwamba kuna bunduki isiyo na mwenyewe Mji wa Kale haoni kumbukumbu ya babu. Anaona silaha iliyo njiani kwenda mikononi mwa mtu.

Basi warithi wafanye nini? Kwanza, wasiibebe. Kutembea na bunduki kutoka Kibokoni hadi kituoni ni kuwa nayo bila cheti, na ukisimamishwa njiani nia yako njema haionekani usoni. Ni afadhali wakili au mzee wa familia aende kituoni mikono mitupu, aeleze kifo na alichokikuta, aombe maafisa waje waichukue, na asiondoke bila namba ya OB. Cheti cha kifo na cheti cha zamani cha bunduki, kama kipo, vitayarishwe. Risasi zilizobaki zitajwe zote, kwani risasi nazo zina sheria yake.

Anayemiliki gobori la kushindilia na kuamini kwamba ukale wake unamwepusha na sheria asijihukumie mwenyewe. Sheria hutazama kama chombo kinaweza kurusha risasi na kuua, si umri wake. Kama kweli ni kitu cha historia, Makavazi ya Taifa yako hapo hapo Fort Jesus, na mazungumzo yanaweza kufanywa bunduki ikiwa mikononi mwa polisi.

Linabaki suala la mirathi, ambalo ndilo huzua ugomvi. Kadhi anaweza kuamua nani ana haki ya thamani ya bunduki, lakini hukumu yake si cheti cha silaha. Mrithi anayeitaka kwa dhati ataomba cheti kwa jina lake, nayo itabaki kituoni hadi apewe. Asipopewa, au ikiwa hakuna anayeitaka, kinachogawika ni fedha. Bunduki huuzwa kupitia mfanyabiashara aliyesajiliwa, kwa mtu mwenye cheti, na bei yake huingia katika tarika.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba imeuzwa kwa Sh80,000, madeni yamekwisha kulipwa, na marehemu ameacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mjane hupata thumuni, yaani Sh10,000. Sh70,000 zinazobaki hugawanywa mafungu saba: kila mwana wa kiume mafungu mawili, Sh20,000, na kila binti fungu moja, Sh10,000. Aliyeko Muscat hutumiwa lake kwa simu.