MABADILIKO YA ULAJI KWA WAZEE NA WAJIBU WA JAMAA

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba husikika lalamiko moja: mzee hali. Akiandaliwa wali na kitoweo humega tonge mbili tatu, kisha huisogeza sahani. Akiletewa chai na boflo hupokea. Jamaa hudhani kwamba mzee amezidi kuchagua, au ameudhika na mpishi. Mara nyingi dhana hiyo si sahihi. Ulaji wa binadamu hubadilika kadiri umri unavyosonga mbele, na sababu zake zinaeleweka.

Kwanza, ulimi na pua hupungukiwa na uwezo wa kutambua ladha na harufu. Chakula alichokipenda mzee miaka yote humwia chapwa, na ndiyo maana huongeza chumvi katika mchuzi na sukari katika chai. Pili, meno hung'oka na mate hupungua, wakati mwengine kwa sababu ya dawa anazotumia. Pweza na nyama ngumu huwa ni adhabu kwake. Tatu, chakula hukawia tumboni, hivyo hushiba mapema. Nne, hisia ya kiu hufifia ijapokuwa mwili bado unahitaji maji.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba mzee huhitaji chakula cha kutia nguvu kidogo kuliko kijana, lakini mahitaji yake ya chakula cha kujenga mwili hayapungui; bali huongezeka. Wataalamu wa lishe hupendekeza mzee apate kiasi cha gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, ilhali kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni gramu 0.8. Chai ya sukari na kipande cha boflo huondoa njaa, lakini hazijengi misuli. Mzee anayeishi kwa vitu hivyo hulegea miguu, huanguka kwa urahisi, na vidonda vyake huchelewa kupona.

Aidha, yapo mabadiliko yatokanayo na maisha ya nyumbani. Mzee aliyefiwa na mwenzake, au ambaye watoto wake wamehama, mara nyingi huona uzito kuwasha moto kwa ajili ya mtu mmoja. Hata penye watu wengi mzee anaweza kubaki na njaa. Walaji wakizunguka sinia moja, vijana hula upesi. Yeye hutafuna polepole, na kitoweo humalizika kabla hajashiba. Kwa heshima yake hasemi neno. Inashauriwa mzee apakuliwe sahani yake mwenyewe, kitoweo chake kikiwemo, lakini akae mkeka mmoja na wenziwe. Kumtenga peke yake chumbani humwondolea hamu iliyobaki.

Kumlazimisha mzee kula si dawa, na kumwacha si heshima. Linalotakiwa ni kukibadilisha chakula kifuate hali yake:

(a) Apewe chakula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, badala ya milo mikubwa miwili.

(b) Chakula kiwe laini: samaki wa mchuzi aliyechambuliwa miba, choroko au maharage yaliyopondwa, mayai, maziwa, dagaa waliosagwa wakatiwa katika mboga, na bokoboko.

(c) Ladha itafutwe kwa ndimu, tangawizi, thomu na bizari. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ikijumuishwa iliyomo katika ng'onda na papa mkavu.

(d) Apewe maji mara kwa mara bila kusubiri aombe, pamoja na matunda laini kama papai na ndizi mbivu.

Wenye maradhi ya figo, moyo au kisukari wafuate kwanza maelekezo ya daktari wao kuhusu chakula na maji. Hali kadhalika, mzee anayetumia dawa amwone daktari kabla ya mwezi wa Ramadhani. Sheria ya dini imempa ruhusa mzee asiyeweza kufunga, naye hutoa fidia. Jamaa wamkumbushe ruhusa hiyo kwa upole, bila ya kumtia haya.

Ipo dalili moja isiyofaa kupuuzwa. Mzee wa kilo 60 akipungua kilo 3 katika muda wa miezi sita bila ya kukusudia, apelekwe kituo cha afya. Pasipo na mizani, zitazamwe nguo zake: shati linalompwaya na kikoi kinachozidi kukunjwa kiunoni ni ushahidi wa kutosha. Huenda tatizo ni kidonda cha kinywani, huzuni, dawa inayoondoa hamu, au maradhi yaliyojificha. Mengi ya hayo hutibika yakiwahiwa.

Pensheni Jamii, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 2016 kwa wazee waliotimiza umri wa miaka 70, humsaidia mzee kujinunulia mahitaji yake. Hata hivyo, fedha haziwezi kuchambua miba wala kukaa naye mkekani. Kazi hiyo ni ya jamaa. Wananchi wote wanaombwa kuanzia leo kuitazama sahani ya mzee baada ya chakula. Kilichobaki ndani yake kinaeleza yale ambayo yeye mwenyewe huona haya kuyasema.