Desemba Bila Kusukumana

Mwaka jana, tarehe 24 Desemba, tulienda Kamukunji watu watatu kutoka ofisini kutafuta sufuria na thamosi za kupeleka nyumbani. Kufikia saa sita mchana hata kugeuka ilikuwa shida. Mwenzetu mmoja akalipa haraka haraka huku anasukumwa mgongoni, akakosea tarakimu moja ya till. Pesa zikaingia duka lingine kabisa. Zilirudishwa, lakini baada ya siku mbili, na nauli yake ya Kakamega ilikuwa humo humo. Krismasi ikampata Nairobi, peke yake.

Ndiyo maana mwaka huu tunakuambia mapema: anza sasa, Novemba.

Weka kando KSh 500 kila wiki kwa wiki sita. Hiyo ni 3,000, na hujakopa mtu. Kisha nunua kwanza vitu visivyooza. Beli moja ya unga ina pakiti 12 za kilo 2, kwa hivyo majirani wanne wa ploti moja wakichanga, kila mmoja anabeba pakiti tatu kwa bei ya jumla. Mmoja tu ndiye anaenda sokoni, na anaenda Jumanne asubuhi, si Jumamosi.

Nguo za watoto? Gikomba, lakini chagua saa zako. Ukitaka kamera, zile za kwanza kutoka kwa belo, fika alfajiri na ujipange kulipa zaidi. Ukitaka bei ya chini, nenda jioni wauzaji wakikaribia kufunga. Na ukiwa huko, nunua sare ya shule pia. Januari haina huruma.

Mbuzi naye usimngoje wiki ya Krismasi, wakati kila mtu anamtafuta. Mtumie mzee pesa sasa, amnunue huko nyumbani na amlishe mwenyewe.

Kuhusu zile ofa za Black Friday, sisi wenyewe huzipenda, lakini piga picha bei ya ile TV leo. Kama siku ya ofa bei ni ile ile, hapo hakuna ofa, ni bango tu.

Wakati wa kulipa, toka kwanza kwenye msongamano. Soma jina la duka likitokea kwenye simu kabla hujakamilisha malipo, na usimpe muuzaji simu akuwekee namba, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika. Wacha inung'unike.

Yule mwenzetu? Sufuria zake ziko chini ya kitanda tangu Oktoba. Tiketi ya Kakamega ameshakata, na anatuonyesha kila siku wakati wa chai.