Kipimajoto cha mpakani kinasikia nini? Kengele ya mwili na safari ya mpox hadi Kinama

BUJUMBURA. Mfanyabiashara wa Kinama anayevuka Gatumba asubuhi kwenda Uvira na kurudi jioni na mzigo wake amezoea kuelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso. Kikionyesha joto la kawaida, anapita. Kikionyesha nyuzijoto 38 na kuendelea, anaambiwa akae pembeni, na siku ya biashara imeharibika. Ilikuwa hivyo wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, ikawa hivyo wakati wa korona, na mwaka 2024 ilipoingia mpox, ambayo wengi waliizoea kwa jina la homa ya nyani, kifaa hicho kikarudi kazini. Anayepimwa nacho kila siku ana haki ya kujua kinapima nini.

Hakipimi virusi. Kinapima ujumbe ambao mwili umejitumia wenyewe. Virusi vikiingia, seli zilizoshambuliwa hutoa protini ndogo za ishara, ambazo kazi yake ni kupeleka habari kwa seli nyingine. Mojawapo huitwa intaleukini-1. Habari yake ikifika kwenye ubongo, ubongo huamuru joto lipande. Homa, basi, ni kengele ya mwenye nyumba. Mwizi hapigi kengele.

Kengele hiyo ni ya zamani mno. Mwaka 1957, katika maabara ya Mill Hill huko London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliweka virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto kwenye ngozi laini ya ndani ya mayai ya kuku. Waliona kwamba seli zilitoa kitu kilichozilinda nyingine zisishambuliwe, wakakiita intaferoni. Baadaye ilionekana kwamba si kuku na watu tu walio nacho. Ndagala na mukeke wanaouzwa kila siku Bujumbura nao wana intaferoni zao, ingawa babu wa pamoja wa samaki na binadamu aliishi zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Mbu hana, hiyo ni mali ya wanyama wenye uti wa mgongo.

Lakini urithi huu haukugawanywa sawa. Wenye kuuza kuku na bata wanajua kwamba mafua ya ndege yanaweza kumaliza banda la kuku huku bata wa jirani wakiendelea kutembea. Mwaka 2010 watafiti walionyesha sababu mojawapo: bata ana protini iitwayo RIG-I, mlinzi anayevitambua virusi vya mafua ndani ya seli na kuamsha intaferoni, na katika ukoo wa kuku mlinzi huyo alipotea. Mageuko ya viumbe hayapangi hesabu kwa ajili ya mwenye banda.

Sasa turudi kwenye mpox. Virusi vya jamii ya ndui vimepambana na kengele hii kwa muda mrefu, navyo vimejifunza hila ambayo mtu wa soko ataielewa haraka: bidhaa bandia. Hutengeneza protini inayofanana na kipokezi cha ishara, yaani ile sehemu ya seli inayopokea ujumbe, na kuimwaga nje ya seli. Intaferoni inajishika kwenye kipokezi bandia, na seli iliyokuwa ikingojea habari haipati kitu. Virusi vya mpox na vya ndui ya zamani vyote hutoa mtego wa namna hiyo. Mwaka 1996 Antonio Alcamí na Geoffrey Smith walionyesha jambo la ajabu zaidi kwa ndugu yao wa karibu, virusi vilivyotumika katika chanjo ya ndui: vina mtego wa kukamata intaleukini-1 yenyewe. Panya walioambukizwa virusi vyenye mtego huo hawakupata homa. Mtego ulipoondolewa, homa ilipanda.

Kwa hiyo mpakani hakuna wa kumlaumu. Mgonjwa wengi wa mpox hupata homa, tena mara nyingi kabla ya vipele, lakini wapo wanaoanza na vipele bila homa. Tena kuna siku kati ya 1 na 21 baada ya kuambukizwa ambazo mtu hajisikii kitu. Katika siku 21 mchuuzi wa Kinama anaweza kuwa amevuka Gatumba mara 20, na kila mara kipimajoto kikasema ukweli wake: hakuna kengele.

Ndivyo ugonjwa ulivyosafiri. Septemba 2023 wagonjwa walianza kuonekana Kamituga, mji wa wachimba dhahabu huko Kivu Kusini. Wataalamu wa taasisi ya INRB ya Kinshasa na wenzao walichunguza wagonjwa 108 waliothibitishwa hadi Januari 2024, wakakuta karibu 3 kati ya kila 10 walikuwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Mji wa dhahabu huvuta watu kutoka pande zote, na watu hurudi kwao. Tarehe 25 Julai 2024 Burundi ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza, na mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, ambako Kinama iko, ikawa miongoni mwa sehemu zilizoguswa sana. Wagonjwa walilazwa katika hospitali ya chuo kikuu iliyoko Kamenge, mtaa wa jirani. Ndani ya wiki chache Rwanda, Uganda na Kenya nazo zilikuwa na wagonjwa. Wa Kenya alipatikana kwenye mpaka wa Taveta, akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda. Tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa.

Swali lililogusa riziki za watu lilikuwa hili: inatoka kwa wanyama au kwa watu? Jibu liliandikwa na protini nyingine ya kinga, APOBEC3, inayozidi kutengenezwa intaferoni inapoita. Kazi yake ni kuharibu maandishi ya virusi: penye herufi C iliyotanguliwa na T, huigeuza C kuwa T. Panya wa maabara ana jeni moja tu ya familia hii. Binadamu ana 7. Mara nyingine protini hii haiui virusi, inaviachia makovu. Virusi vinavyozunguka kwa wanyama wa porini havina makovu hayo kwa wingi, na vile vya Kamituga vilikuwa navyo. Maana yake vilikuwa vikipita kutoka mtu hadi mtu.

Kwa maoni yangu, habari hiyo ilistahili kutangazwa sokoni kwa sauti kubwa kuliko ilivyotangazwa. Wengi walibaki wakiogopa nyama ya porini, wakati hatari ya karibu ilikuwa ngozi kwa ngozi: kujamiiana, kulala kitanda kimoja, kumuuguza mtoto mwenye vipele, kutumia shuka au nguo alizotoka kuvaa mgonjwa. Anayesafiri kwa biashara achunguze ngozi yake, pamoja na sehemu za siri, hata kama kipimajoto kimempitisha. Akiona kipele kisichoeleweka, aende kituo cha afya kabla ya kwenda Gatumba.

Wazee waliochanjwa ndui kabla ya chanjo hiyo kusitishwa, karibu mwaka 1980, bado wana kinga kiasi. Kovu la begani walilonalo vijana wengi ni la chanjo ya kifua kikuu, nalo haliwasaidii hapa. Chanjo ya mpox ipo: Rwanda ilianza kuitoa Septemba 2024, na Kongo ikaanza Goma tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo. Virusi vilivyomo katika chanjo hiyo vimepoteza jeni nyingi za zile hila, haviwezi kuzaliana ndani ya mwili wa binadamu, na kengele ya mwili inavisikia mara moja.