Sianobakteria na Udongo wa Magadi

Katika bonde la mto Ganga, kaskazini mwa India, yapo maeneo mapana ambayo wakulima huyaita usar, ambayo wakati wa kiangazi hufunikwa na utando mweupe wa chumvi, na mvua inaponyesha maji hutuama juu yake siku nyingi bila kunywewa na ardhi. Adui mkuu katika ardhi hiyo ni sodiamu, hasa ile iliyoungana na kabonati kama ilivyo katika magadi, kwa kuwa ayoni za sodiamu zinaposhika nafasi kubwa juu ya chembe za mfinyanzi, chembe hizo huachana, huziba vitundu vya kupitishia maji na hewa, kisha hugandamana zinapokauka. Wataalamu huuhesabu udongo kuwa wa aina hii pale sodiamu inapozidi asilimia 15 ya ayoni chanya zilizoshikwa na chembe hizo, na pH, ambayo ni kipimo cha uasidi na ualkali chenye 7 katikati yake, inapopita 8.5, na katika usar si ajabu pH ikafika 10.

Mwaka 1950, R. N. Singh, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Banaras Hindu, alieleza katika jarida la Nature namna ardhi hiyo ilivyoweza kurudishiwa uhai kwa kuizungushia matuta ili maji ya mvua yabaki shambani, na kuwaacha sianobakteria wastawi ndani yake. Hao ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, na ualkali hauwatishi: katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kama Bogoria, jamaa zao ndio chakula kikuu cha heroe wadogo.

Aliyetawala katika mashamba ya Singh alikuwa Nostoc commune, ambaye wakati wa ukame huonekana kama magamba meusi yanayovunjika vidoleni, lakini akiguswa na maji hufura upesi na kuwa utelezi mzito wa rangi ya kijani iliyofifia. Chini ya hadubini, utelezi huo una nyuzi za seli zilizopangika kama shanga, na hapa na pale hujitokeza seli kubwa zaidi, yenye ukuta mnene, iitwayo heterosisti, ambayo kazi yake ni kuinasa nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea. Ukuta ule huzuia oksijeni, kwani kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huharibiwa nayo. Utelezi wenyewe, ambao kwa sehemu kubwa ni sukari zilizoungana kwa minyororo mirefu, huzishikamanisha chembe za udongo zilizokuwa zimeachana.

Jambo la kushangaza ni kwamba mchana sianobakteria huipandisha pH ya maji badala ya kuishusha, kwa sababu hunyonya kaboni dioksidi iliyomo. Nafuu hutokea wanapopumua usiku, na zaidi wanapokufa na kuoza, kwani kaboni dioksidi na asidi zinazotokana na uozo huo huyeyusha chokaa iliyomo ardhini, ikaachia kalsiamu, nayo kalsiamu huisukuma sodiamu kutoka kwenye mfinyanzi. Kwa njia nyingine, kazi ni ileile ya jasi, madini yenye kalsiamu, ambayo katika ardhi ya namna hii huhitajika tani 10 hadi 15 kwa hekta, gharama isiyobebeka kwa mkulima mdogo.

Hata hivyo, waliotaka kuona katika viumbe hawa mbadala kamili wa jasi walikuwa na haraka mno. Sodiamu inayofyonzwa na seli hurudi ardhini seli zinapooza, na ile iliyosukumwa na kalsiamu hubaki palepale isipokuwa ioshwe na maji yenye pa kutokea. Isitoshe, utando wa sianobakteria hukaa juu juu, ilhali mizizi ya mazao mengi hutafuta riziki chini zaidi. Kwa hiyo njia hii hufaa zaidi katika majaruba ya mpunga, ambako maji husimama kwa muda mrefu na mizizi haiendi mbali, ikisaidiwa na mifereji ya kutolea maji na jasi kiasi. Kabla ya kuanza, ni muhimu udongo upimwe kama una chokaa, kwa kuwa pasipo chokaa hakuna kalsiamu ya kuyeyushwa, na hapo jasi haikwepeki.