Sosi ya Pilipili za Kijani na Krimu: Pika Nyumbani, Chupa Subiri Kwanza

Nyie wa hoho na pilipili mnaniuliza sana kuhusu usindikaji, na siku hizi wengi mmeiona mtandaoni ile sosi ya kijani yenye krimu inayomwagiwa enchilada za kuku. Swali ni lile lile: "Afisa, hii si naweza kuiweka kwenye chupa nikauza?" Twende jikoni kwanza, jibu liko huko.

Enchilada asili yake ni Mexico: tortila, yaani kichapati chembamba cha mahindi, inajazwa nyama na kuvikwa sosi ya pilipili. Sosi yetu ya leo inapendwa New Mexico, jimbo la Marekani linalopakana na Mexico. Huko Fabián García, mtaalamu wa chuo cha kilimo cha jimbo hilo, alichagua mbegu mpaka akapata pilipili ndefu, zenye nyama, zisizo kali sana, na rahisi kumenya. Rahisi kumenya! Mtu wa mbegu anamfikiria mpishi na kiwanda kabla ya kupanda. Zinavunwa za kijani, zimefikia ukubwa kamili, ngumu, zinang'aa. Msimu wake, Agosti na Septemba, wauzaji wanazichoma papo hapo kwenye ngoma ya nyavu inayozungushwa kwenye moto wa gesi, na mteja anaondoka na gunia akagandishe za mwaka mzima.

Kwetu aina hiyo ni adimu, kwa hiyo chukua nusu kilo ya hoho za kijani zenye nyama nene, na pilipili kali moja au mbili. Pilipili mbuzi siipendi humu, harufu yake inatawala kila kitu. Choma juu ya mkaa, ukigeuza, mpaka ganda liwe jeusi na kuvimba malengelenge. Funika kwenye bakuli robo saa, mvuke utaachanisha ganda. Menya kwa mkono, toa mbegu. Usioshe kwa maji, ile ladha ya moshi ndiyo unayoitafuta.

Kaanga kitunguu na vitunguu saumu kwa vijiko viwili vya siagi, tia vijiko viwili vya unga wa ngano, koroga dakika moja, kisha mimina vikombe viwili vya supu ya kuku kidogo kidogo. Weka pilipili ulizokatakata, bizari nyembamba na chumvi, ichemke taratibu dakika kumi. Epua. Sasa ndiyo uchanganye nusu kikombe cha krimu chachu, au mtindi mzito uliochujwa kwa kitambaa. Ukiitia ikiwa inatokota itakatika mabonge.

Tortila zipitishe kwenye mafuta ya moto sekunde chache zisipasuke, jaza kuku wa kuchemsha aliyechambuliwa, kunja, mwagia sosi na jibini, oveni dakika ishirini.

Haya, chupa. Hapana. Pilipili, supu na maziwa vyote vina asidi ndogo. Chakula chenye pH zaidi ya 4.6, kikifungwa bila hewa na kukaa kabatini, kinaweza kuotesha bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Sumu yake inaua, na chakula kinaweza kunuka vizuri tu. Kuchemsha chupa kwenye sufuria hakutoshi, mbegu za bakteria huyo zinavumilia maji yanayochemka. Msilinganishe na sosi ya siki, ile inalindwa na asidi. Hii kaa nayo kwenye friji siku tatu au nne, basi.

Kitu cha kuuza hapa ni pilipili zenyewe: zilizochomwa, zimemenywa, zimegandishwa kwenye mifuko, bila krimu. Mpishi wa hoteli anaokolewa kazi ya mkaa na kumenya. Pima uzito kabla ya kuchoma na baada ya kumenya, maana ganda, mbegu na maji vinaondoka na kilo zako, halafu ndipo utaje bei. Na kama umeme wa kwenu unakatika kila jioni, anza na mifuko michache.