Kailo: kupasha moteri asubuhi, dakika ngapi zinatosha?

Saa kumi na moja alfajiri, Kailo. Mwenye pikipiki ameilaza ndani ya nyumba juu ya kuogopa wezi. Anaiwasha palepale, robo saa nzima, watoto wangali usingizini. Anasema moteri ipate moto kwanza, ndipo ashike barabara ya Kindu. Lakini je, robo saa ni lazima?

Hapana. Moteri ikiwaka, mafuta yake yanapanda na kufika sehemu za juu kwa sekunde chache tu. Na huku kwetu Maniema asubuhi haina baridi kali. Nusu dakika ao dakika moja inatosha. Kiisha mtu aondoke polepole, asikaze gazi kilometa za kwanza. Moteri inayotembea inapata moto mbio kuliko inayosimama. Gari ikitembea hivyo, kwa kawaida ndani ya dakika 5 mpaka 10 maji ya radiatere yanakaribia digrii 90, ni kusema moto wake wa kazi.

Kusimama sana kunaharibu. Moteri ingali baridi, na startere imevutwa, inakunywa esansi mingi kuliko ile inayoweza kuunguza. Esansi inayobaki inaosha mafuta kando ya pistoni, na chuma kinakula chuma.

Tena kuna hesabu ya pesa. Gari ndogo iliyosimama ikiwaka inakula karibu nusu litri mpaka litri moja kwa saa. Robo saa kila asubuhi, siku 26 za kazi, ni litri 3 mpaka 6 kwa mwezi, na gari haijafika popote.

Lori ya mazuti iko na sheria yake. Kama kuna taa ndogo ya buji mbele ya dereva, angoje izimike ndipo awashe. Na kama freni ni za upepo, asiondoke mpaka mshale uonyeshe upepo umejaa. Hapo kungoja ni lazima.

Kwa wale wa milimani, kama Lubero, wanaotumia shofaji ya gari: shofaji inachukua moto kwenye maji ya moteri. Maji yakiwa baridi, itapuliza baridi. Dawa ni kuanza kutembea. Kama baada ya nusu saa ya safari bado haina moto, angalia maji, kiisha termostati. Mafundi wengine wanaitoa wakisema gari isichemke. Bila hiyo, moteri inachelewa kupata moto na inakula esansi zaidi.

Lakini hatari kubwa iko ndani ya nyumba. Moshi wa moteri unabeba gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, na inachukua nafasi ya hewa safi ndani ya damu. Kichwa kinauma, mtu anasikia kizunguzungu, anataka kutapika. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Kufungua dirisha moja hakutoshi. Ni vilevile kwa jenereta.

Mutu akipatwa, mtoeni nje mbio kwenye hewa safi, mumupeleke kwenye kituo cha afya.

Kwa hiyo pikipiki ilale ndani kama wezi wako wengi. Asubuhi isukumwe kwanza mpaka nje, mbali na mlango, ndipo iwashwe.