Mtoto Ana Simu Yako Mkononi: Mfundishe Haya Kabla Tapeli Hajamfikia

Shule zikifungwa Agosti au Disemba, simu ya mzazi hugeuka kuwa simu ya nyumba nzima. Mmoja anataka katuni, mwingine anataka mchezo, na yule wa Gredi ya Nne anasema mwalimu ametuma kazi kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi. Hakuna ubaya, watoto wanajifunza mengi huko. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo inabeba karo, kodi ya nyumba na pesa za chama. Matapeli wanajua hivyo, na wanajua pia kwamba mtoto huamini haraka kuliko mtu mzima.

Hatutaki umnyang'anye mtoto simu. Tunataka ajue la kufanya usipokuwa karibu.

PIN ni kama mswaki, haiazimwi

"Hebu mtumie mama mboga mia mbili, PIN ni mwaka uliozaliwa." Sentensi hii husikika katika nyumba nyingi. Hapo mtoto amejifunza mambo mawili mabaya: kwamba PIN hutajwa kwa sauti, na kwamba inaweza kuwa rahisi kukisia.

Fanya hivi badala yake. Mpe simu, mwache aandike nambari ya mpokeaji na kiasi. Mwambie asome tena tarakimu zote polepole, kisha akurudishie uweke PIN mwenyewe. Ujumbe wa kuthibitisha ukiingia, mwambie asome jina la aliyepokea na salio lililobaki. Atajifunza kutumia pesa kwa makini bila kujua siri yako. Na kama ameshaijua, ibadilishe leo. Usitumie ile ile ya kufungulia simu.

Jumbe tatu za kumwonyesha mtoto

*"Nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie."* Ujumbe unafanana kabisa na wa kweli, lakini umetoka kwa nambari ya kawaida ya simu. Kisha mtu anapiga akilia kwamba ni pesa za hospitali. Mfundishe mtoto sheria moja: harudishi chochote, anamwita mzazi. Wewe ndiye utaangalia salio lenyewe. Usitegemee ujumbe pekee. Hata kama pesa zimeingia kweli, usizirudishe kwa kumtumia anayepiga. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja, na wewe pia utujulishe.

*"Nimetuma kodi kwa simu yako kimakosa, nisomee."* Kodi hiyo ya tarakimu sita mara nyingi ni ya kufungua WhatsApp yako kwenye simu ya mtu mwingine. Mtoto akiisoma, dakika chache baadaye shangazi, jirani na wanachama wa chama wanaombwa pesa kwa jina lako. Weka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, na mwambie mtoto kwamba kodi haisomewi mtu, hata akijiita mwalimu.

*"Umeshinda!"* au *"Pata almasi za Free Fire bure."* Akibonyeza, anaulizwa nambari ya simu, kisha PIN. Mwulize mtoto swali rahisi: mtu anayekupa zawadi anahitaji PIN ya mama ya nini? Sisi wenyewe hatukuulizi PIN, iwe kwa simu, kwa ujumbe au kwa fomu ya mtandaoni.

Michezo inayokula pesa kimyakimya

Michezo mingi ni ya bure kupakua, lakini ndani yake kuna nguo, silaha na sarafu za kununua. Kama njia ya malipo imeunganishwa na simu, kubonyeza mara moja kunatosha. Ingia kwenye mipangilio ya Google Play na uchague kila ununuzi uthibitishwe kwanza. Programu ya Family Link, ambayo ni ya bure, itakuwezesha kuidhinisha kila programu mtoto anayotaka kupakua na kupanga saa za kutumia simu.

Angalia pia programu za kamari. Kenya, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari. Mtoto akitumia laini yako, inaonekana ni wewe unayecheza. WhatsApp, TikTok na Facebook nazo zinataka mtumiaji awe na angalau miaka 13.

Rafiki asiyemjua, na hofu ya kuchapwa

Hapa ndipo pagumu zaidi. Mtu hujifanya mtoto wa rika lake, wanacheza pamoja wiki kadhaa, kisha anaomba picha. Akishaipata, anatisha: tuma pesa, la sivyo nitaionyesha shule nzima. Mtoto anaanza kuchukua pesa kidogo kidogo kwenye simu ya mzazi. Ukiona pesa zimetumwa kwa nambari usiyoijua, usikimbilie kumwita mwizi. Keti naye umwulize nani anamsumbua.

Mtoto akiogopa kuchapwa, atamlinda tapeli. Mwambie mapema, kabla ya tatizo: "Likitokea lolote, niambie. Sitakasirika." Kisha timiza ahadi hiyo.

Usilipe, manake atarudi kudai tena. Usifute jumbe, kwa sababu ndizo ushahidi. Piga simu 116, laini ya bure ya kusaidia watoto, wakati wowote, na uripoti polisi. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta inaharamisha picha za ngono za watoto na unyanyasaji wa mtandaoni.

Naye awe mwungwana

Usalama unaenda na adabu. Mtoto asisambaze picha ya mwenzake bila ruhusa, wala kumcheka kwenye kikundi. Asitume picha ya ujumbe wako wa malipo kwa marafiki, kwa sababu unaonyesha majina, nambari na salio. Nasi wazazi tuonyeshe mfano: picha ya mtoto akiwa na sare, jina la shule likisomeka, inamwambia mgeni mahali pa kumpata.

Leo jioni, kabla ya kumpa simu

- Badilisha PIN kama mtoto anaijua.
- Washa uthibitishaji wa ununuzi na hatua mbili za WhatsApp.
- Msomee jumbe tatu tulizotaja, umwulize angefanya nini.
- Mfundishe nambari 116 aikariri.

Na ukishuku kwamba pesa zimetoka kwa ulaghai, pigia huduma kwa wateja mara moja. Ukichelewa, tapeli atakuwa ameshazitoa kwa wakala.